Kurudisha Bustani ya Kijapani Baada ya Kimbunga: Nini Kwanza, Nini Mwisho

Kila Septemba maswali ni yale yale. Picha inaingia kwenye simu alfajiri: msonobari umelala juu ya bwawa, taa ya jiwe imesambaratika, changarawe nyeupe imegeuka uji wa matope. Chini ya picha, swali: "Nianze wapi?" Wengi wanaouliza ni Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku Japani, au walionunua akiya, zile nyumba kuukuu zilizoachwa tupu, wakajikuta wamerithi bustani ya mzee aliyeipogoa kwa mkono wake miaka na miaka. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa yote nimeyaweka hapa.

Kabla ya yote, lishike hili. Upepo huangusha, lakini mara nyingi anayeiua bustani ni mwenye nyumba, ndani ya wiki ya kwanza, chenso mkono huu na mashine ya kuoshea magari mkono ule. Bustani ya namna hii haikusimama juu ya maua utakayopanda upya mwezi ujao. Imesimama juu ya mkao wa mawe na mikunjo ya matawi, na hivyo viwili haviuzwi dukani. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ndio dawa: mizizi haiwezi kungoja, mawe yanaweza.

Vifaa

Karibu vyote utavipata homu senta, yale maduka makubwa ya vifaa vya nyumba:

- Simu yenye chaji, futi ya kupimia, chaki, na vijiti vya mianzi vya kuwekea alama.
- Helmeti, miwani ya kukinga macho, glavu nene na buti ngumu. Jikatabi, vile viatu laini vya mafundi wa huku vinavyotenga kidole gumba, ni vizuri kwa kukanyaga taratibu, lakini si siku ya kukata magogo.
- Msumeno wa kukunja na mkasi wa kupogolea, vyote vikali.
- Magunia ya juti au mablanketi mabovu, na turubai.
- Nguzo za mbao, mianzi, magome ya mti wa sugi, na kamba ya shuro. Kamba hii hutokana na nyuzi za mti wa shuro, wa jamii ya minazi. Mtu wa Makunduchi akiishika gizani atadhani ni kamba ya makumbi.
- Winchi ya mkono au chenibloku, pamoja na mikanda mipana ya kunyanyulia.
- Mpira wa maji wenye kichwa cha mnyunyizo mwembamba, ndoo, chekecheke, ufagio na reki ya mianzi.

Mashine ya kuosha kwa presha irudishe stoo. Na ile ya kupuliza majani pia, kwa sasa.

1. Hakikisha pako salama

Usitoke nje eti kumetulia ghafla. Huenda ni kitovu cha kimbunga kinapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Subiri tangazo.

Ukitoka, anza kwa kutazama juu. Kama kuna waya wa umeme ulioangukia mti, kaa mbali na uite kampuni ya umeme. Mtu akiumia, namba ni 119. Zima swichi ya umeme wa bustani kabla hujakaribia pampu ya bwawa. Kisha sikiliza. Septemba na Oktoba ndipo suzumebachi, nyigu wakubwa wa huku, wanapokuwa wakali kuliko wakati wowote, na mti ukianguka kiota chao huanguka nao. Ukiona nyigu wanaingia na kutoka sehemu moja, acha upande huo na upige simu manispaa.

Tahadhari nyingine ni ya mti uliong'oka ukanyanyua bonge la mizizi na udongo. Bonge hilo limebeba nguvu. Shina likikatwa, linaweza kurudi shimoni kwa kishindo, hivyo asisimame mtu ndani ya shimo hilo, na watoto wasicheze hapo hata kidogo. Tawi lililopinda kama upinde nalo ni hivyo hivyo: ukilikata vibaya linakuchapa usoni. Kama hujawahi kufanya kazi ya chenso, siku ya kujifunza si leo.

2. Piga picha, usisogeze kitu

Piga picha kutoka pande nne, halafu kutoka ndani ya nyumba, pale watu wanapokaa kutazama bustani. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, kwa sababu bustani nyingi zilipangwa zitazamwe kutoka barazani, ile engawa. Tafuta pia picha za zamani: za harusi, za mwaka mpya, za jirani. Utazihitaji utakapokuwa unajiuliza tawi lile lilikuwa linaelekea wapi.

Kila jiwe lililohama, choma kijiti pale lilipotoka, na uliandike namba kwa chaki. Vipande vya taa ya jiwe vikusanye hata vile vidogo kama karanga. Picha hizi zitakufaa pia kwa bima ya nyumba na kwa cheti cha maafa kinachotolewa na manispaa, ingawa kwenye cheti hicho kinachopimwa ni nyumba, si bustani, kwa hiyo usijenge matumaini.

3. Siku hiyo hiyo: chumvi na samaki

Kama uko karibu na pwani na upepo ulikuwa mwingi kuliko mvua, majani yako yamepakwa chumvi. Kimbunga namba 24 cha mwaka 2018 (huku vimbunga huitwa kwa namba) kilipita usiku wa kuamkia Oktoba 1, na siku chache baadaye treni zilisimama mkoani Chiba kwa sababu ya chumvi iliyoganda kwenye vifaa vya umeme. Ikiwa nyaya zimeshindwa, jani la momiji, ule mti wa mepo wa huku, litaweza? Osha miti yote kwa maji yasiyo na chumvi, juu hadi chini, siku hiyo au kesho yake. Usiache hadi jua liikaushe.

Samaki wa koi nao hawangoji. Umeme ukikatika pampu husimama, na majani yanayooza bwawani yanamaliza hewa. Toa majani na matawi kwa wavu. Badilisha maji kidogo kidogo, robo kwa siku inatosha, na ukitumia maji ya bomba tia dawa ya kuondoa klorini. Usilikaushe bwawa lote. Na usichokonoe sakafu yake kwa koleo: mabwawa ya zamani mengi yamesakafiwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na ukiutoboa utakuwa na bwawa lisiloshika maji tena.

4. Inua miti iliyolala

Hapa ndipo pesa na machozi vilipo, tusiende mbio.

Kimbunga namba 21, ambacho nje ya Japani huitwa Jebi, kilipopiga Kansai, eneo lenye Osaka na Kyoto, tarehe 4 Septemba 2018, kiwanja cha ndege cha Kansai kilipima upepo wa mita 58.1 kwa sekunde. Mimi nilikuwa Kyoto, kibarua wa fundi bustani. Katika nyumba moja tulikuta momiji imelala ubavu, nusu ya mizizi bado ardhini. Tulisema tutaishughulikia baada ya kusafisha njia. Tuliporudi siku ya nne, jua lilikuwa limeshaikausha mizizi ya juu. Iliinuliwa, ikasimama vizuri, ikafa masika yaliyofuata.

Basi fanya hivi:

a) Funika mizizi iliyo wazi kwa magunia yaliyoloweshwa, sasa hivi, hata kabla ya chai. Yaloweshe tena kila yakikauka.

b) Amua. Kama nusu hivi ya mizizi bado imeshika ardhi na shina halikupasuka, mti una nafasi. Shina likizidi kipenyo cha sentimita 15, ita niwashi, fundi bustani, aje na winchi kubwa au kreni. Mti uliovunjika shina katikati, uage.

c) Safisha shimo. Hili husahaulika kuliko yote. Mti ulipoanguka, udongo na mawe vimejaa chini ya bonge la mizizi. Ukiuvuta bila kuvitoa, unaiponda mizizi iliyosalia. Mizizi iliyochanika ikate kwa msumeno mkali, kidonda kiwe laini.

d) Punguza mzigo wa juu. Toa matawi yaliyovunjika, na upunguze majani kiasi, lakini yasizidi theluthi moja. Mti uliopoteza mizizi hauwezi kunywesha majani yote, ila bila majani hauwezi kujenga mizizi mipya.

e) Funga mkanda mpana kwenye shina, juu ya blanketi lililokunjwa, chini kidogo ya matawi makubwa. Vuta kwa winchi taratibu: mmoja anavuta, mwingine anaangalia mizizi. Ukisikia inalia, simama, chimba tena. Kamba nyembamba au waya mtupu huchubua gome pande zote, na huo ni mti uliokufa huku umesimama.

f) Urudishe mkao wake, usiunyooshe. Wageni wengi hukosea hapa. Mti uliokuwa umeinamia bwawa ulifundishwa kuinama kwa miaka mingi. Ukiusimamisha kama mlingoti wa bendera, umeondoa kitu ambacho kimbunga hakikuondoa. Rudi barazani, tazama picha, rekebisha.

g) Rudisha udongo. Kwa momiji, tsubaki (kamelia) na miti mingi, mimina maji pamoja na udongo, chokoa kwa kijiti cha mwanzi mpaka matope yajaze kila uwazi; mafundi huita mizugime. Msonobari kwa desturi haupewi matope hayo. Udongo wake hurudishwa mkavu na kushindiliwa kwa kipande cha mbao, tabaka baada ya tabaka. Shina lisifukiwe juu kuliko lilivyokuwa.

h) Weka nguzo. Zungushia shina magome ya sugi, kisha funga nguzo kwa kamba ya shuro. Kuna nguzo mbili zenye boriti, zinazofanana na torii, lile lango la hekalu la Kishinto, na kuna hozue, ile nguzo moja inayoshikilia tawi kama mtu aliyeegemeza shavu kwenye kiganja. Ziache miaka 2 hadi 3. Usione haya. Nenda bustani ya Kenrokuen pale Kanazawa utazame msonobari wa Karasaki: umeegemea nguzo tele, na kuanzia tarehe 1 Novemba kila mwaka hufungwa kamba ili theluji isivunje matawi. Watu hulipa kiingilio kwenda kuuona.

Mbolea usitie. Mizizi yenye vidonda haihitaji karamu, inahitaji maji.

5. Matawi yaliyovunjika

Kata karibu na shina, lakini acha ule uvimbe mdogo ambapo tawi linaanzia, maana hapo ndipo kidonda hufungia. Kipande kilichochanika na kuning'inia usikivute kwa mkono. Kitashuka na gome la shina.

Msonobari una sheria yake: tawi kuukuu lisilo na sindano, yale majani yake membamba, halichipui. Ukikata ukapita sindano za mwisho, tawi hilo limekwisha. Acha angalau kifungu kimoja cha kijani.

Kukata kwa ajili ya urembo kungoje. Momiji hupogolewa ikishapukutisha majani, mwishoni mwa Novemba hadi Desemba. Leo unatibu tu.

Magogo ya msonobari usiyarundike nyuma ya nyumba ukapanga kuyashughulikia siku moja. Mbawakawa wanaoeneza minyoo ya ugonjwa wa kunyauka misonobari hutaga kwenye miti iliyodhoofika, na kizazi kipya hutoka kuanzia Mei hivi. Yaondoke kabla ya hapo. Kuyachoma uani hairuhusiwi kwa kawaida. Uliza manispaa wanayapokea kwa urefu gani.

6. Kuvumwani

Koke, kuvumwani ile laini ya kijani inayofunika ardhi, haina mizizi ya kweli. Hunywa kwa majani. Ndiyo maana tope likiifunika inakosa pumzi, na ndiyo maana pia maji ya presha huing'oa yote kwa dakika moja. Nimeiona ikiondoka kama zulia, tena niliyeshika mashine ni mimi.

Lowesha kwanza. Tope nene lizoe kwa vidole au kwa kipande cha mbao, lililobaki lioshe kwa mnyunyizo mwembamba, maji yaende upande mmoja. Kanyaga juu ya ubao, si juu ya kuvumwani. Majani yaokote kwa mkono au yafagie kwa ufagio laini, kwa sababu yakikaa wiki mbili chini yake kutakuwa na mabaka ya kahawia.

Vipande vilivyobanduka usivitupe. Kwaruza udongo chini, uloweshe, vibandike, vikandamize kwa kiganja au ubao mpaka visiwe na hewa chini, nyunyiza udongo mwembamba uliochekechwa kwenye maungio. Mwagilia asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Mchana wa jua kali hapana, utaipika.

Hatari iliyojificha ni kivuli. Mti mkubwa ukiondoka, kuvumwani iliyoishi chini yake inapigwa jua isilolijua. Itaonekana nzima majira ya baridi, ife kiangazi. Mapema, simamisha fremu ya mianzi na uitundikie yoshizu, zile jamvi za matete zinazouzwa bei rahisi, mpaka mti mpya ukue. Sura yake si nzuri. Vumilia.

7. Mawe na taa

Usinyanyue jiwe kwa kiburi. Granaiti ina uzito wa takriban tani 2.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo jiwe la nusu mita kila upande linakaribia kilo 330. Tumia sanmata, nguzo tatu zilizofungwa juu kwa pamoja na kutundikwa chenibloku, au ita watu wa kazi hiyo.

Jiwe lirudi kwenye kijiti chako, kwa kina kile kile. Alama ya udongo na ukungu ubavuni itakuonyesha lilizikwa hadi wapi. Sakuteiki, maandiko ya karne ya 11 kuhusu kutengeneza bustani, yanaonya kuwa jiwe lililokuwa limesimama likilazwa huleta laana. Laana niachie mimi, ila mkao uheshimu: jiwe lililowekwa juu juu kama gunia sokoni huonekana tangu getini.

Taa ya jiwe ni vipande vilivyopandana: msingi, nguzo, meza, chumba cha moto, paa, na kito cha juu. Anza chini. Kila kipande kikisha kukaa, pima usawa kabla ya kuweka kinachofuata, na tia vibanzi vidogo vya jiwe panapocheza. Kipande kilichovunjika huunganishwa kwa gundi ya mawe. Saruji huacha madoa na haibanduki tena. Kama taa inakuzidi kimo, usiisimamishe peke yako. Hii ni nchi ya matetemeko, na taa iliyosimamishwa ovyo haingoji kimbunga.

8. Uzio, kisha changarawe

Uzio wa mianzi uliovunjika funga upya kwa shuro iliyoloweshwa, ikikauka hukaza. Mianzi iliyooza badilisha tu, hata bila kimbunga ilikuwa zamu yake.

Changarawe iwe ya mwisho kabisa, baada ya magogo, toroli na viatu vyote kuondoka. Zoa yote iliyochanganyika na tope, uioshe kwenye chekecheke, uirudishe kwa kina cha sentimita 5 hivi. Ikipungua, nunua na uchanganye ya zamani na mpya ndani ya toroli kabla ya kumwaga, la sivyo utapata kiraka cheupe. Changarawe halisi ya mto Shirakawa wa Kyoto haichotwi tena mtoni. Utakayouziwa ni granaiti inayofanana nayo, na inatosha. Ndipo uchore mistari kwa reki, ukirudi kinyumenyume, ukianza kuzunguka mawe.

Mambo yakienda kombo

*Msonobari umekuwa kahawia upande wa baharini tu.* Ni chumvi. Usikate. Ngoja machipukizi ya masika yakuonyeshe tawi gani liko hai.

*Msonobari mzima umegeuka mwekundu-kahawia ghafla, na ukiukwaruza hautoi utomvu.* Huenda ni ule ugonjwa wa kunyauka. Ita mtaalamu haraka, maana unaambukiza misonobari ya jirani.

*Sakura (mcheri wa huku) imechanua Oktoba!* Haujarogwa. Majani yakipukutishwa na kimbunga, kile kinacholazimisha vichipukizi vya maua kulala huondoka nayo, na joto kidogo likija maua hutoka. Oktoba 2018 ilitokea sehemu nyingi za nchi. Maua hayo hayatarudi masika, mengine yatakuwepo.

*Mti umeanza kulala tena baada ya mwezi.* Udongo umeshuka na kamba imelegea. Shindilia, funga upya. Kagua kila baada ya mvua kubwa.

*Kuvumwani imekauka na kuwa kahawia.* Ichambue kwa kidole: ikiwa ndani kuna kijani, imelala tu, iendelee kupata maji. Ikiwa nyeusi na inateleza, maji yametuama. Toa kipande hicho, fungua njia ya maji, na ubandike kingine mvua za tsuyu zikija Juni.

*Koi wanapanda juu na kuachama alfajiri.* Hewa imepungua. Washa pampu, na kama umeme haujarudi, chota maji kwa ndoo uyamwage kutoka juu, tena na tena.

*Mistari ya changarawe haikai.* Ama ni nyembamba mno, ama hukuiosha vizuri na tope limebaki ndani. Ngoja siku kavu, uizoe tena.